Usafi Nyumbani: Kati ya Jino na Jino

Mwezi uliopita tuliongea juu ya mitungi ya maji na namna ya kuisugua mpaka chini. Mwezi huu tunaingia mahali padogo zaidi ya shingo ya mtungi, mahali ambapo hata mswaki haufiki: katikati ya jino na jino.

Swali tumeletewa na mama mmoja wa Ranchi 37, hapa hapa Kiryandongo. Wifi yake ana kiduka Busia, upande wa Kenya. Watoto walipokwenda kumsalimia wakati wa likizo, akawarudisha na mzigo: sukari, leso mbili, kalamu za shule, na pakiti ya vibrashi vyembamba, kila kimoja na mkia wa plastiki na kichwa chenye manyoya kama kiwavi. Mama akavitazama, akavigeuza, akaamua ni vya kusafishia tundu la chaja ya simu. Kimoja akakitumia hivyo. Kumbe watoto walikuwa wameshaambiwa na shangazi yao kwamba ni vya meno.

Basi mama akatujia shuleni. "Mwalimu, baba watoto anachokonoa meno kwa spoku ya baiskeli. Vijana wangu wanachomoa uzi wa gunia. Nyanya yao ana kijiti chake. Na mimi sasa nina vibrashi. Kama vyote ni vya kazi moja, nitajuaje kipi ni cha nani?"

Swali zuri. Tulikuwa tunajiandaa kwa safari ya Tororo na Busia kwa mambo ya ukoo, tukalibeba mfukoni. Tulitazama maduka ya dawa pande zote mbili za mpaka, tukamuuliza mhudumu wa meno, tukasoma tulichoweza kusoma. Leo tunarudisha jibu, na jibu kwa ufupi ni hili: si bei inayochagua chombo, wala si pakiti inayong'aa. Mwanya ndio unaochagua.

JINO LA MAMA

Kabla ya vyombo, tuwaambie kwa nini jambo hili linatugusa. Wengi wenu mnakumbuka mlivyovuka mapema mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zilipotukimbiza. Wengine walipitia Malaba, wengine Busia, na wengi wetu tukakutana Mulanda, kwenye kambi ya muda wilayani Tororo, kabla ya kuletwa huku Kiryandongo baadaye mwaka ule ule. Sisi tulikuwa wadogo, umri wa meno ya utoto kung'oka. Tunakumbuka tukirusha jino juu ya paa kama tulivyozoea nyumbani, lakini paa lilikuwa turubai. Jino likateleza, likarudi miguuni petu. Tukalirusha tena, likarudi tena. Mama yetu alicheka mpaka akakaa chini. Ndicho kicheko chake cha mdomo wazi tunachokikumbuka.

Mama alivuka na blanketi, sufuria, na sisi. Miswaki hakuna aliyeikumbuka. Tulikula posho na maharage, na msimu ulipofika tukala maembe, yale ya nyuzi nyingi. Nyuzi zilimganda mama kwenye gego la chini. Hakuwa na kijiti wala uzi. Alikuwa na pini aliyofungia leso. Akachokonoa kwa pini. Kesho yake akachokonoa tena. Baada ya siku chache shavu likavimba, usiku halali, tunamsikia anatembea nje ya hema.

Uvimbe ulishuka, maumivu yakawa yanakuja na kwenda. Tulipokuwa tayari tumehamia huku, jino likang'olewa, na baadaye jirani yake nalo likafuata. Aliyemng'oa alimwonyesha lile jino. Juu lilikuwa zima kabisa. Lilioza ubavuni, pale lilipogusana na mwenzake. Mama alikuwa amesugua kwa kijiti cha mti kila asubuhi, juu na mbele, kwa bidii zote. Ila pale ubavuni hakukuwa na kitu kilichofika, isipokuwa pini.

Leo mama anatafuna upande mmoja. Mahindi ya kuchoma anayakwangua kwa kisu. Na akicheka anaweka kiganja mdomoni. Tungependa mama wa mtu mwingine asifike hapo.

SARUJI MBICHI NA SARUJI KAVU

Mtu akifika Tororo huona vitu viwili: ule mwamba mkubwa, na malori ya saruji. Saruji imetengenezwa Tororo tangu miaka ya 1950. Tunaitumia kama mfano darasani na watoto wanaelewa haraka.

Baada ya kula, mdomo huacha utando laini juu ya meno. Utando huo umejaa vijidudu. Vijidudu hula sukari na wanga tuliokula, kisha hutoa asidi inayotoboa jino. Vikikaa karibu na ufizi, ufizi huwasha, huwa mwekundu, huvimba, na hutoa damu. Utando huu ni kama saruji mbichi: ukiufuta leo unatoka bila kazi. Ukiuacha siku kadhaa, madini yaliyomo kwenye mate yanaugandisha, unakuwa ukoga mgumu. Hapo ni saruji iliyokauka. Hakuna uzi, kijiti wala kibrashi cha kuutoa nyumbani. Mpaka mhudumu wa meno mwenye vyombo vyake. Na wewe ukijaribu kuubandua kwa kisu au wembe, utabandua ufizi na kuliumiza jino.

Kwa hiyo kazi ya nyumbani ni moja tu: kufuta saruji mbichi kila siku kabla haijashika. Mswaki unafuta juu, mbele na nyuma. Pale meno yanapokumbatiana, manyoya yake hayaingii. Ndipo tunapohitaji chombo cha pili.

UZI WA MENO: KWA MENO YALIYOBANANA

Uzi wa meno ni kitu cha zamani. Mwaka 1819 daktari wa meno wa Marekani, Levi Spear Parmly, aliandika kitabu akiwashauri watu kupitisha uzi wa hariri katikati ya meno. Siku hizi ni wa nailoni au plastiki nyingine, wengine umepakwa nta ili uteleze.

Uzi ni wa nani? Ni wa mtu ambaye meno yake yamegusana kabisa, ukitazama kwenye kioo huoni tundu. Vijana wengi wako hivi, na watu wazima wengi wako hivi kwa meno ya mbele.

Namna ya kutumia ni hivi. Kata kipande cha dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, kama sentimeta 45. Zungushia kwenye vidole vya kati vya mikono yote miwili, bakisha kipande kifupi katikati. Pitisha polepole kama unayekata kwa msumeno, usiusukume kwa nguvu ukaangukia ufizi. Ukiingia, ukumbatishe kwenye ubavu wa jino moja, panda na kushuka mara chache mpaka chini kidogo ya ukingo wa ufizi. Kisha kumbatisha jino la pili. Ukihamia mwanya mwingine, sogeza uzi upate sehemu safi. Ukimaliza, tupa. Uzi haufuliwi wala haupewi mwingine.

Tufanye hesabu kidogo, maana tunajua mnauliza. Kijisanduku cha uzi wa mita 50 kina vipande kama 111 vya sentimeta 45. Mtu mmoja, mara moja kwa siku, ni zaidi ya miezi mitatu. Watu wanne, ni kama siku 27. Kabla ya kununua soma urefu ulioandikwa, kwa sababu visanduku viwili vinaweza kulingana kwa nje na ndani kimoja kikawa na nusu ya uzi wa mwenzake.

VIBRASHI: KWA MENO YENYE MWANYA

Sasa vile viwavi vya wifi. Hivi ni vya mtu ambaye ana nafasi katikati ya meno: ufizi umeshuka kwa umri au kwa ugonjwa, magego yameachana, au kuna pengo pembeni. Kwa mtu kama huyo uzi unapita tu hewani, lakini kibrashi kinajaza nafasi na kufuta pande zote mbili kwa mara moja.

Kibrashi kina ukubwa wake kama kiatu. Kwa kipimo cha kimataifa ukubwa huandikwa kwa namba kuanzia 0, ambacho ni chembamba kabisa, mpaka 8. Rangi haziaminiki, kwa sababu kila kampuni ina rangi zake. Usimwambie mwenye duka, "Nipe chekundu kama cha jirani." Sikiliza mwanya. Kibrashi sahihi kinaingia kwa kubana kidogo, manyoya yanagusa meno yote mawili, lakini waya wa katikati haukwaruzi. Kikikataa kuingia, usikilazimishe. Chukua chembamba zaidi, na kama hata hicho kinakataa, mwanya huo ni wa uzi. Mtu mmoja anaweza kuhitaji saizi mbili, ndogo kwa mbele na kubwa kwa magego. Ukikuta pakiti yenye saizi mchanganyiko, anza na hiyo ili ujue saizi yako.

Ingiza moja kwa moja, vuta, rudisha mara mbili tatu, basi. Suuza kwa maji safi, kiache kikauke mahali penye hewa. Kinatumika tena na mtu yule yule, mpaka manyoya yalale au waya upinde. Hapo kimekwisha. Waya uliopinda hukatika mdomoni.

Kipi bora, uzi au kibrashi? Mwaka 2019 watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio 35 yaliyofanyiwa watu wazima 3,929. Waliona kwamba mswaki pamoja na uzi, au mswaki pamoja na vibrashi, huenda vikapunguza ugonjwa wa fizi kuliko mswaki peke yake, na huenda vibrashi vikafanya vizuri kuliko uzi. Lakini walisema wazi kwamba ushahidi bado ni dhaifu, maana majaribio mengi yalikuwa ya muda mfupi. Kwa hiyo mtu asikuuzie kitu akisema kimethibitishwa kuwa muujiza. Ni chombo cha kusafisha, kama fagio. Kinafanya kazi ukikitumia.

KIJITI: RAFIKI WA KUANGALIWA

Kijiti tunakijua wote. Ukikaa kwenye muchomo pale Busia, nyama inakuja na kijiti chake. Kijiti kinatoa kipande cha nyama kilichokwama, na chembamba cha mti laini kinaweza kufuta kidogo pembeni mwa ufizi. Lakini kile cha mviringo chenye ncha kali kinachoma, na mtu akikisukuma kila siku mahali pale pale ufizi unaumia na kurudi nyuma. Chagua laini, kilainishe kwa mate kwanza, kilaze, usikisimamishe kama msumari. Kikivunjika ncha, tupa. Na mtoto mdogo asichezee kijiti, wala mtu asitembee au kulala nacho mdomoni.

Na mswaki wa mti? Huo ni urithi wetu na tunauheshimu. Ukitafunwa vizuri unasugua jino juu na mbele. Lakini pale meno yanapobanana, hauingii. Kwa hiyo anayetumia mti bado anahitaji uzi au kibrashi, sawasawa na anayetumia mswaki wa dukani. Mama yetu ni shahidi.

Busia na Tororo kuna watu wanaouliza pia mashine zinazorusha maji katikati ya meno. Zipo duniani, ila zinahitaji umeme au betri, na maji safi kila siku. Kwa nyumba zetu, maji hayo yana kazi nyingine.

VISIVYOFAA KABISA

Spoku ya baiskeli. Busia ndiko boda boda zilikoanzia, baiskeli za kubeba watu kutoka mpaka hadi mpaka, kwa hiyo spoku hazijawahi kutukosa. Lakini spoku ina kutu, ni ngumu kuliko jino, na inachoma ufizi. Pamoja nayo weka pini, sindano, waya, wembe, ncha ya kisu na njiti ya kiberiti upande wa baruti.

Uzi wa gunia nao. Ule ni utepe wa plastiki, una makali pembeni, na gunia limelala chini ghalani. Unakata ufizi kama jani la muwa. Uzi wa kushonea wa pamba, mpya na safi, mtu anaweza kuupitisha taratibu siku nyama imekwama na hana kitu kingine. Afadhali huo kuliko pini. Lakini kwa kazi ya kila siku hukatika na kuacha nyuzi ndani.

Na kushirikiana. Jameni, mswaki mmoja kwa watoto watatu bado tunauona. Fizi zikitoa damu, vijidudu na magonjwa kama hepataitisi B yanaweza kupita kwa njia hiyo. Kila mtu na mswaki wake, kila mtu na kibrashi chake. Funga uzi wa rangi au chora alama kwenye mkia.

UKIONA DAMU

Hapa ndipo wengi wanapoacha. Siku ya kwanza wanapitisha uzi, damu inatoka, wanasema, "Kimenijeruhi," basi. Mara nyingi damu hiyo ni ya ufizi uliokuwa mgonjwa tayari kwa sababu ya uchafu. Endelea polepole kila siku. Kwa kawaida baada ya wiki moja au mbili damu hupungua. Ukiacha, utando unabaki na damu inabaki. Akina mama wajawazito fizi zao hutoa damu kwa urahisi zaidi. Hiyo si sababu ya kuacha, ni sababu ya kusafisha kwa upole. Wenye kisukari nao wawe makini, kwani ugonjwa wa fizi huwashika kwa nguvu zaidi.

Lakini kama wiki mbili zimepita na damu ni ile ile, au kuna usaha, jino linacheza, ufizi umevimba, maumivu yanakuamsha usiku, nenda kituo cha afya. Na kama shavu au shingo inavimba pamoja na homa, au kumeza na kupumua kunakuwa shida, usisubiri asubuhi. Nenda saa hiyo hiyo. Usaha wa jino unaweza kuua.

PESA NI KIDOGO, TUANZE NA NINI?

Tunaishi pamoja, hatutajifanya hatujui. Tangu mwaka 2023, mgao ulipoanza kutolewa kwa makundi, kila shilingi nyumbani ina kazi yake. Kwa hiyo tupange.

Kwanza, mswaki wa kila mtu na dawa ya meno yenye floraidi. Soma kwenye boksi: iwe kati ya 1,000 na 1,500 ppm. Dawa hii si anasa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Na haihitaji kujaza mswaki: mtoto chini ya miaka mitatu, kama punje ya mchele, wa miaka mitatu mpaka sita, kama punje ya njegere. Atemee, asimeze.

Pili, kisanduku kimoja cha uzi kwa nyumba, kwa wale wenye meno yaliyobanana. Tatu, vibrashi kwa wakubwa wenye mianya. Mara moja kwa siku inatosha, usiku kabla ya kulala, na ni vizuri kuanza na uzi au kibrashi kisha mswaki. Kama huna cha pili wala cha tatu mwezi huu, safisha vizuri kwa mswaki na dawa, na punguza sukari ya katikati ya milo, hasa chai ya kila saa na muwa wa njiani. Hayo hayanunuliwi.

KOSA LETU SISI WALIMU

Tuna jambo la kukiri. Kuna mwanafunzi mmoja wa darasa la sita, msichana mwenye sauti nzuri ya kusoma. Muhula uliopita akaacha kusoma kwa sauti. Ukimwita anasimama, anatazama chini, anakaa. Tulidhani ni ukaidi. Kumbe wenzake walikuwa wanaziba pua. Mdomo wake ulikuwa unatoa harufu, naye alijua. Na sisi tulifanya nini? Tulimhamisha dawati, tukamweka karibu na dirisha. Tulidhani tumemsaidia. Tulikuwa tumewaambia wote, bila kusema neno, kwamba wenzake wana haki.

Baadaye tulikaa na nyanya yake. Fizi za mtoto zilikuwa zinatoa damu, chakula kilikuwa kinakaa katikati ya magego, na alikuwa ameogopa kugusa kwa sababu ya damu. Nyanya akampeleka kituo cha afya, wakampa maelekezo. Tukamwonyesha uzi, dhiraa moja kila usiku. Hatuwezi kuwaambia kwamba kila kitu kimekwisha. Juzi alisoma aya moja, akakaa. Aya moja. Na tumemrudisha dawati lake la zamani, tukaomba radhi mbele ya darasa, kwa maana tulimkosea mbele ya darasa.

Wazazi, mtoto akianza kufunga mdomo, msimkemee kwanza. Mwambieni afungue, mtazame, kwa upole. Wadogo ambao meno yao yamegusana wanapitishiwa uzi na mkubwa, mtoto akiwa amelaza kichwa mapajani. Vibrashi na vijiti si vya wadogo.

MAJIBU YA MAMA

Sasa turudi kwa mama wa Ranchi 37. Tulikwenda kwake na kioo na tochi, tukatazama midomo yote jioni moja, kwa kicheko kingi.

Vijana wake wawili wana meno yaliyobanana: uzi wa meno, si wa gunia. Baba watoto ana magego yaliyoachana na ufizi ulioshuka: vibrashi vya wifi vinamfaa yeye hasa. Alijaribu saizi mbili, ndogo ikazunguka bure, ya pili ikabana sawasawa. Mama mwenyewe ni mchanganyiko: uzi mbele, kibrashi nyuma. Nyanya alikuwa miongoni mwa wazee wetu wa Kiluo waliong'olewa meno sita ya chini ya mbele ujanani, kama ilivyokuwa desturi. Yeye abaki na kijiti chake laini kwa upole, na yale meno mawili yaliyo ukingoni mwa pengo ayafute ubavuni kwa mswaki, maana pale mswaki unafika kabisa. Alitujibu, "Kwa hiyo waliniachia mlango wa kuingilia." Tukacheka wote.

Na mwanya ule wa mbele wa binti mdogo, ule tunaousifu kuwa urembo? Ni urembo, na ni rahisi kuusafisha. Usijaribu kuuziba.

Spoku imerudi kwenye baiskeli. Kile kibrashi kilichosafisha chaja kibaki kwenye chaja, kisirudi mdomoni kwa mtu yeyote.

Usiku huu chukueni kioo na tochi, mtazamane nyumba nzima, mmoja mmoja. Kila mwanya utakuambia unachohitaji. Nasi tukifika nyumbani tutamtazama mama yetu, maana meno yaliyobaki bado ni mengi, na tunataka akae nayo.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya masikio ya watoto na hatari ya kuyachokonoa. Maswali yenu yawekeni kwenye sanduku lililo mlangoni mwa shule, au mtushike tu njiani kama kawaida yenu. Kaeni salama.

Sisi walimu wenu wa kujitolea.